Daftari la matofali

Wiki iliyopita mteja wangu mmoja alikuja kuchukua gauni la kipaimara la binti yake. Nilikuwa bado napiga pasi mkanda wa kiunoni. Akasogea karibu na meza, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, nasikia wewe na baba watoto mliachana kwa mahakama. Uliwezaje?" Nikamvutia kigoda. Gauni lilikuwa tayari saa kumi na moja jioni, yeye akaondoka saa mbili usiku.

Maswali aliyoniuliza niliwahi kuyauliza mimi mwaka 2021, na watu niliowauliza wakati ule walinijibu kwa huruma nyingi na kwa makosa mengi. Makosa hayo yalinila karibu mwaka mzima. Ndiyo maana naandika. Majina ya watu na ya ofisi zilizonikosea nayaacha, kwa sababu watoto wangu wanasoma mtandaoni kama watoto wa wenzangu.

Mimi ni fundi cherehani, Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam. Tulifunga ndoa kanisani Desemba 2005, Mungu akatupa watoto watatu. Kiwanja tulikinunua Chamazi mwaka 2009, kwa karatasi ya mauziano iliyogongwa mhuri wa serikali ya mtaa, na jina lililoandikwa ni moja tu, la kwake. Sikuona ubaya. Siku ya kununua kiwanja mtu anawaza msingi, hawazi jina.

Yaliyoivunja ndoa sitayamaliza. Kulikuwa na nyumba nyingine, Kongowe. Kulikuwa na siku moja mwaka 2019 nilipokwenda polisi kuchukua fomu ya PF3 ili nitibiwe. Na kuanzia mwanzoni mwa 2020 unga, ada na kodi ya fremu vilikuwa juu yangu peke yangu. Vikao vya ukoo tulikaa vitatu. Mama yangu alipanda basi kutoka Songea kuja kukaa katika kile cha mwisho, na alipoamka asubuhi yake aliniambia, "Vumilia, mwanangu." Simlaumu. Yeye alivumilia na akafika. Lakini katika vikao vile vyote hakuna aliyeshika kalamu. Mwenzangu aliahidi mambo sita mbele ya wajomba zangu, na leo hakuna karatasi hata moja inayosema aliahidi nini.

Mei 2021 niliondoka na watoto, tukahamia chumba na sebule karibu na fremu yangu. Niliondoka na nguo na masufuria. Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kadi za kliniki nilivisahau kabatini. Ilibidi nirudi siku ya tatu na kaka yangu na mjumbe wa mtaa. Bado nashukuru kwamba pamoja na vyeti vile nilichukua kaunta buku moja kuukuu yenye jalada jekundu. Sikuichukua kwa akili. Niliichukua kwa sababu ilikuwa na vipimo vya wateja wangu.

Watu waliniambia niende serikali ya mtaa. Nikaenda. Ofisi ile ilinisikiliza vizuri, ikaniandikia barua kwamba inautambua mgogoro wetu na imeshindwa kuusuluhisha, ikagonga mhuri. Nikalipa ya mhuri. Nikaipeleka mahakamani nikiamini kazi imekwisha. Karani akaisoma mara moja, akanirudishia kwa upole. "Mama, hii ni barua. Mimi nahitaji hati ya Baraza. Fomu Namba Tatu."

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101, inasema huwezi kufungua shauri la talaka kabla ya kupeleka mgogoro kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na Baraza hilo lithibitishe kwa hati kwamba limejaribu likashindwa. Mabaraza hayo yapo kwenye kata, na yapo pia yanayotambuliwa ya jumuiya za dini. Wajomba zako si Baraza. Mwenyekiti wa mtaa si Baraza. Mchungaji wako anaweza kuwa mtu wa hekima kuliko wote, lakini kama hajakaa kama Baraza linalotambuliwa, karatasi yake haifungui mlango wa mahakama. Wapo wanaosamehewa kupita huko: mathalani aliyetorokwa na mwenza na hajui alipo, au ambaye mwenza wake yuko nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi sita. Mwenzangu alikuwa Kongowe. Sikusamehewa.

Nilipotoka kwa karani siku ile, nje ya uzio nilimkuta kijana mwenye bahasha na tai. Akaniuliza shida yangu, akasema yeye ni wakili, atanitengenezea kila kitu pamoja na hiyo hati. Nilimpa shilingi elfu themanini. Alichonitengenezea kilikuwa kurasa nne, na katika ukurasa wa pili watoto wangu walikuwa wawili na ndoa yangu ilifungwa Tabora, mji ambao sijafika hadi leo. Ilikuwa karatasi ya mtu mwingine, kabadilisha jina. Simu yake haikupokelewa tena. Wanaitwa vishoka, na huwa wanakusubiri mahali unapotoka ukiwa umevunjika moyo. Baadaye nilikuja kufahamishwa kwamba Mahakama ina mfumo wa e-Wakili mtandaoni: unaandika jina la anayejiita wakili, unaona kama yumo na kama leseni yake iko hai. Inachukua dakika mbili za bando. Fanya hivyo kabla hujafungua pochi.

Wakili wa kweli niliyemwendea baada ya hapo, mama mmoja mwenye ofisi mjini, alinitajia milioni moja na nusu. Hakunidanganya, ndiyo bei ya kazi yake. Ila mimi wakati huo nilikuwa na laki mbili na deni la kikoba. Akaniangalia, akaniambia kitu ambacho hakuwa na sababu ya kuniambia: "Usikope kwa ajili ya hili. Kwanza nenda kwenye msaada wa kisheria."

Sikujua kwamba kitu hicho kipo kisheria. Kipo. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayowatambua watoa msaada na wasaidizi wa kisheria, na msaada wenyewe ni bure kwa asiye na uwezo. Akikudai hela ya "kufungua faili", ondoka. Wako TAWLA, ambacho ni chama cha wanasheria wanawake, wako WLAC, kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake, iko Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na wako wasaidizi wa kisheria ngazi ya kata na wilaya ambao wengi wetu tunawapita barabarani bila kuwajua. Tangu 2023 kuna pia Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, inayozunguka mikoani na kuweka mahema viwanjani. Mimi sikuikuta, shauri langu lilikuwa limeshaamuliwa.

Aliyenipokea mimi alikuwa dada mdogo kwangu kwa miaka kama kumi, msaidizi wa kisheria, si wakili. Tofauti yao alinieleza mwenyewe kabla sijauliza: yeye haruhusiwi kusimama mahakamani kunitetea, lakini anaweza kunielekeza, kunisaidia kuandika na kuniunganisha na wakili wa ofisi yao pakihitajika. Nilikaa nikaanza kumsimulia. Nilisimulia Kongowe, nikasimulia meseji nilizozikuta kwenye simu, nikasimulia lile gari alilomnunulia yule mwanamke. Alinisikiliza karibu saa nzima. Kisha akachukua karatasi, akaandika maneno manne: ndoa, mali, watoto, matunzo.

"Dada," akaniambia, "mahakama haitamwadhibu shemeji kwa ajili ya Kongowe. Itauliza kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Kongowe ni ushahidi wa hilo, PF3 ni ushahidi, kutokutunza ni ushahidi. Baada ya hapo yanabaki haya matatu. Tuambie, nyumba mliijengaje?"

Nililia siku ile, nisifiche. Nilikuwa nimeenda kutafuta mtu wa kusema mbele ya watu wote kwamba nimeonewa. Yeye ananiuliza habari za matofali. Leo najua kwamba swali lile ndilo lililowalaza watoto wangu ndani.

Baraza la kata lilimwita, hakuja. Likamwita tena, akaja amechelewa. Lilikuwa na mwenyekiti na wajumbe wanne, wawili wanawake. Huko hakuna wakili anayekusemea, unasema mwenyewe. Niliogopa kuliko nilivyokuja kuogopa mahakamani, maana mmoja wa wajumbe ni mteja wangu na nilikuwa nimepima kiuno chake mwezi ule ule. Mwenyekiti alimwuliza mwenzangu kama anataka mkewe arudi. Akajibu, "Simtaki, na talaka sitoi." Wajumbe wakatazamana. Agosti 2021 nikapewa hati yangu, Fomu Namba Tatu, na maoni ya Baraza yakiwa yameandikwa.

Kisha nikafanya kosa ambalo nalieleza hapa kwa aibu kidogo, kwa sababu naamini wako wanaolifanya sasa hivi. Wiki mbili baada ya hati, alikuja dukani na mchungaji. Aliomba radhi. Watoto walikuwepo. Nikaiweka hati kwenye droo ya cherehani, tukaanza upya. Kwa miezi michache alilala nyumbani, alilipa ada ya muhula mmoja. Februari akarudi Kongowe bila hata kugombana. Machi 2022 nikaitoa hati kwenye droo, nikaenda nayo mahakamani, na karani akahesabu kwa vidole: Septemba, Oktoba, Novemba, Desemba, Januari, Februari. Hati ya Baraza lazima iwe imetolewa si zaidi ya miezi sita kabla ya siku unayofungua shauri. Yangu ilikuwa imekufa. Nikarudi Baraza kuanza mwanzo.

Sijuti kumpa nafasi. Nilikuwa na haki ya kujaribu. Ninachojutia ni kwamba hakuna aliyeniambia kwamba hati ile ina tarehe ya kufa, na mimi sikurudi kwa yule dada kumwuliza.

Katika miezi hiyo ya kusubiri lilitokea jambo lingine. Jirani wa Chamazi alinipigia: kuna watu wanapimapima nyumba yenu, wamekuja na dalali. Nilipigwa na ubaridi. Jina langu halimo kwenye karatasi ya mauziano, nitamzuiaje? Yule dada akanituliza. Nyumba ambayo wanandoa wanaishi, sheria inasema mmoja hawezi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina ni la mmoja. Kwa mwenye hati miliki, zuio linawekwa kwa msajili wa hati. Sisi wa karatasi za mtaa tulifanya kwa njia yetu: ofisi yao iliandika barua kwa serikali ya mtaa wa Chamazi kwamba nyumba ile ni ya familia na mke hajaridhia, nikabaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Mwenyekiti wa mtaa ndiye angeshuhudia mauziano. Dalali hakuonekana tena.

Mei 2022 shauri likafunguliwa. Kwa sisi wa Dar es Salaam, mambo ya ndoa na mirathi yana mahali pake, Kituo Jumuishi cha Temeke kilichofunguliwa mwaka 2021. Ndani ya jengo hilo moja iko Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, mpaka Mahakama Kuu, wako ustawi wa jamii, wako watoa msaada wa kisheria. Nilishtuka kuona kona ya watoto kuchezea. Nilikuwa nimejiandaa kwa mahali pa wahalifu.

Nilifungua Mahakama ya Mwanzo. Ningeweza pia kuanzia Wilaya, sheria inaruhusu, lakini yule dada aliniambia nilichonacho kinatosha pale, na gharama ni ndogo. Kila kitu kilikuwa Kiswahili: maswali, kumbukumbu, hukumu. Sikupitwa na neno. Hakimu alikaa na washauri wawili wa mahakama, na mmoja wa wale wazee aliniuliza swali gumu kuliko yote ya hakimu: "Bibi, wewe ulichangia nini kwenye hiyo nyumba?"

Sasa nifike kwenye daftari.

Wengi wetu tunaamini mke akiachwa anapata nusu. Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 114 kinasema mahakama itaangalia mchango wa kila mmoja, wa fedha, wa mali au wa kazi, itaangalia madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote wawili, itaangalia mahitaji ya watoto, kisha ielekee kwenye usawa. Ielekee. Wakili wa ile ofisi ya msaada alinieleza habari ya Bi Hawa Mohamed, ambaye kila mwanasheria nchini anamjua. Zamani majaji walikuwa wamegawanyika: wako waliosema kupika, kulea na kufua si mchango, mke ametimiza wajibu wake tu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Nyalali, ikaamua katika shauri la Bi Hawa kwamba kazi ya nyumbani ni mchango. Jambo ambalo watu hawalisemi ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na kitu. Mume alikuwa amempa fedha za mradi wa familia, akazitumia vingine, na mahakama ikahesabu kwamba fungu lake alishalipata. Aliwafungulia njia wanawake wa nchi nzima na yeye akarudi mikono mitupu. Namfikiria mara nyingi.

"Kwa hiyo kazi ya nyumbani itahesabiwa," wakili akaniambia, "lakini ukiwa na fedha uliyoweka, ithibitishe. Hakimu hayupo kwenye ndoa yenu. Anajua anachoonyeshwa."

Ile kaunta buku nyekundu ilikuwa na vipimo vya wateja mbele. Nyuma, nikianzia ukurasa wa mwisho kuja mbele, nilikuwa nikiandika hela ya ujenzi, ili nijue kikoba nitakirudishiaje. Machi 2013, mkopo wa kikoba, 1,200,000. Tofali za inchi sita, 900. Mchanga tripu mbili. Saruji mifuko 22, na bei ya kila mfuko. Fundi, chakula cha fundi, maji ya pipa. Niliandika hata soda. Kulikuwa na kurasa kumi na moja za namna hiyo, kuanzia msingi hadi lenta, na katikati yake mtoto wangu wa kwanza alikuwa amechora jua.

Kwa daftari peke yake wangesema nimeliandika jana. Yule dada akanituma kwa katibu wa kikoba: akatoa kitabu cha kikundi, na mkopo wangu umo, tarehe ile ile, na sababu imeandikwa "ujenzi". Nikamtafuta fundi mwashi, nikampata Mkuranga, akakubali kuja. Alisimama kizimbani na kofia mkononi akasema, "Aliyekuwa ananilipa ni huyu mama. Baba nilimwona siku ya lenta." Risiti za duka la vifaa nilikuwa nazo tatu, mbili zimefutika wino kabisa. Piga picha risiti zako siku ile ile unayopewa, wino wa mashine hauishi muda mrefu.

Kwenye paa sikuwa na kitu. Bati na mbao alinunua yeye mwaka 2016, fedha taslimu, na mimi ninajua kwamba laki saba ya zile ilitoka kwenye tenda yangu ya sare za shule. Sikuandika. Wakati ule nilikuwa nimeacha kuandika, nilikuwa nimechoka na mimba ya mtoto wa tatu. Nilipoulizwa nilisema, mwenzangu akakana, na hakimu akaandika kwamba nimekosa uthibitisho. Nilitaka kumpinga, kisha nikaona sina cha kumwonyesha.

Watoto nilidhani ndio wangekuwa vita, haikuwa hivyo. Wa mwisho alikuwa hajatimiza miaka saba, na kwa mtoto wa umri huo sheria inaanza na dhana kwamba ni heri akae na mama, mpaka ionyeshwe vinginevyo. Hao wakubwa wawili walizungumza na afisa ustawi wa jamii bila sisi kuwepo. Sikuwauliza walisema nini na sitawauliza. Mahakama ilinipa watoto wakae kwangu, baba yao awaone na kuwachukua likizo, na atoe matunzo ya kila mwezi pamoja na ada. Na hapa nimweleze yule ambaye hayuko tayari kwa talaka ila watoto wanalala njaa: hulazimiki kusubiri talaka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakuruhusu kudai matunzo ya mtoto peke yake. Anza ustawi wa jamii wilayani kwako.

Mteja wangu aliponiuliza habari ya dada yake, ambaye mumewe ni Mwislamu na alimpa talaka kwa mdomo, nilimjibu nilivyofundishwa. Talaka ile ina nafasi yake katika dini yao, na Sheria ya Ndoa yenyewe inaitambua kama kithibitisho cha kuvunjika kwa ndoa baada ya Baraza kushindwa. Lakini mgawanyo wa mali na hukumu inayotekelezeka vinatoka mahakamani. Aende na yeye Baraza, achukue hati. Na jirani yangu aliyeishi na mwanaume miaka tisa bila cheti asikubali kuambiwa "wewe ni kimada tu". Wakiishi pamoja miaka miwili na zaidi na watu wakawajua kama mume na mke, kifungu cha 160 kinaleta dhana ya ndoa. Na hata kama dhana hiyo ikivunjwa, mahakama bado inaweza kumpa nafuu yeye na watoto.

Hukumu ilisomwa Februari 2023. Ndoa imevunjika. Nyumba ithaminiwe, mimi asilimia arobaini, yeye sitini. Cherehani zangu na vitu vya dukani ni vyangu. Kaka yangu alitaka nikate rufaa kwa ajili ya ile kumi iliyobaki. Nilikaa siku nne nikiwaza, nikaacha. Nilikuwa nimehudhuria mara tisa, kila mara nimefunga duka, na ile kumi ilikuwa paa ambalo sikuliandika. Mwingine angekata, na angekuwa na haki. Nakala ya talaka niliisajili RITA, wakala wa usajili wa serikali, nikatoa kopi, moja nikampelekea mama Songea kwa mkono wa dereva wa basi. Mama alinipigia akaniuliza tu kama watoto wamekula.

Kupata hukumu ni jambo moja, kuipata hela ni jambo lingine. Miezi mitano mwenzangu hakutoa hata senti. Nilirudi kwa yule dada, tukaandika maombi ya kukaza hukumu, yaani mahakama imlazimishe kuitekeleza. Wito ulipomfikia, akaona nyumba itapigwa mnada, akaja mezani. Akasema anataka kubaki na nyumba, atanilipa fungu langu kwa awamu nane. Tuliandikishana mbele ya mahakama.

Awamu ya kwanza alituma kwa simu. Zilizofuata alizileta mwenyewe dukani, sijui kwa nini, labda alipenda kuwaona watoto wakitoka shule. Kila alipoleta nilihesabu mbele yake, nikafungua ile kaunta buku nyekundu, ambayo Mahakama ilinirudishia baada ya kumaliza nayo, nikaandika tarehe na kiasi, akasaini. Awamu ya nane aliileta Agosti mwaka jana, Jumamosi, mvua za mchana. Ukurasa uliobaki ulikuwa ule wenye jua la mtoto. Akaliangalia lile jua muda mrefu. Kisha akauliza kama aandike jina lote.

"Lote," nikamwambia. Akaandika.